Alama ya Odali Machoni pa Mtu wa Olenguruone: Maoni Binafsi

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Usemi huo ulinijia siku moja darasani, katika somo la semiotiki, yaani taaluma ya ishara, mhadhiri wetu alipochora ubaoni alama ambayo hakuna miongoni mwetu aliyeitambua. Ilikuwa na umbo la pembe nne iliyosimama kwa ncha yake, na kutoka kwenye ncha hiyo ya chini ikateremka mistari miwili iliyopanuka. Mhadhiri hakututajia jina lake wala asili yake. Alituuliza tu: "Mnaona nini hapa?"

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, alisema kwamba anaona samaki, kichwa juu na mkia chini. Aliyetoka Kajiado aliona chapa ya ng'ombe. Wa tatu akaona kishada kilichokatika uzi. Zamu yangu ilipofika, nilijibu bila kutafakari: "Naona shamba lenye miguu." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao, kwani hata mimi sikujua jibu lile limetoka wapi.

Ndipo mhadhiri akatufichulia kwamba alama ile ni herufi ya kale ya Ulaya Kaskazini, na kwamba maana ya jina lake ni ardhi ya urithi. Kicheko kikakoma. Makala haya ni jaribio langu la kulitetea jibu lile la kubahatisha. Sidai kwamba ndilo sahihi na mengine ni potovu. Ninachodai ni kwamba msomaji wa ishara ana haki ya kuisoma kutoka pale alipozaliwa, ila haki hiyo ina masharti, na masharti hayo yakipuuzwa watu hufa.

Alama Yenyewe na Asili Yake

Runi ni herufi zilizotumiwa na jamii zilizozungumza lugha za Kijerumani za kale, kuanzia yapata karne ya 2 baada ya Kristo. Mfumo wa mwanzo ulikuwa na herufi 24. Mistari yake aghalabu ni ya kunyooka kwa sababu herufi hizo zilichongwa kwenye mbao, mifupa, chuma na mawe, na mwenye kisu hapindi mstari bila taabu. Kila herufi iliwakilisha sauti, na papo hapo ilikuwa na jina lake ambalo lilikuwa neno la kawaida katika lugha. Herufi tunayoijadili iliwakilisha irabu o. Wanaisimu wanakadiria kwamba jina lake la kale lilikuwa othala. Katika Kiingereza cha kale iliitwa ethel, na siku hizi wengi huiita odal. Katika makala haya nitaiita odali.

Ni vyema msomaji ajue jinsi ujuzi wetu kuhusu alama hii ulivyo haba. Waskandinavia walipoupunguza mfumo wao hadi herufi 16, odali ilikuwa miongoni mwa zilizoachwa. Kwa hivyo mashairi yao ya kueleza majina ya runi hayaitaji. Shairi la aina hiyo linaloieleza ni lile la Kiingereza cha kale, na muswada wake uliteketea katika moto wa maktaba mjini London mwaka 1731. Tunalisoma leo kwa sababu tu mtu alikuwa amelinakili na kulichapisha mwaka 1705. Fauka ya hayo, mengi yanayosemwa siku hizi kuhusu runi, hasa mambo ya kupiga ramli na kuagua bahati, ni mapya. Hayana ushahidi katika maandishi ya kale.

Kwa ufupi, tunalo umbo, tunayo sauti, tunalo jina, na tunayo maana ya jina hilo: urithi, makao ya ukoo, ardhi ya mababu. Yanayozidi hapo ni tafsiri. Hapo ndipo mlango unapofunguka kwa kila mmoja wetu, na hapo pia ndipo tunapopaswa kuingia kwa hodi.

Ninavyoisoma Mimi

Mwanafunzi yeyote wa isimu atanipinga mapema. Atanikumbusha Ferdinand de Saussure na unasibu wa ishara, kwamba hakuna uhusiano wa lazima baina ya umbo na maana. Ataongeza kwamba kuona miguu katika herufi ya o ni sawa na kuona nyoka katika herufi ya s. Pingamizi hilo lina uzito. Mchongaji wa kale hakufikiria miguu, alifikiria sauti. Hata hivyo, odali imeacha kuwa herufi. Hakuna anayeandika nayo barua. Imebaki kuwa nembo, na nembo huishi machoni. Jicho nalo halitazami bila kumbukumbu.

Jicho langu ni la Olenguruone. Kwa asiyepafahamu, hapa ni mahali pa baridi na ukungu kwenye miinuko ya Mau, sehemu ya Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru. Ni nchi ya viazi, chai na ng'ombe wa maziwa. Udongo wake hausiti kuzaa. Mtu akitazama vilima vile asubuhi hawezi kudhani kwamba kuna aliyewahi kuvihama kwa miguu akiwa analia. Lakini historia ya Olenguruone ni historia ya watu waliopewa ardhi, wakaambiwa ni yao, kisha wakaambiwa si yao.

Mnamo mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianzisha makazi hapa kwa ajili ya Wagikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Kwa serikali, wale walikuwa wapangaji waliokaribishwa kwa masharti: masharti juu ya namna ya kulima, juu ya mazao, juu ya mifugo, hata juu ya nani angerithi. Kwa walowezi wenyewe, ardhi ile ilikuwa fidia ya mashamba ya ukoo waliyokuwa wamepoteza, na shamba la ukoo halina mwenye kulitolea masharti isipokuwa ukoo wenyewe. Tazama basi, msomaji mpenzi: udongo ule ule, na pande mbili zinausoma kama ishara mbili tofauti. Mmoja anasoma "ruhusa", mwingine anasoma "urithi". Walowezi walikataa masharti yale, wakala kiapo cha umoja kilichowahusisha wanaume, wanawake na watoto, na mgogoro ukaendelea kwa miaka kadhaa. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wao wakapelekwa Yatta, nchi ya jua na ukame. Wanahistoria, akiwemo Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, wameonyesha jinsi kiapo kile cha Olenguruone kilivyochangia vuguvugu lililofuata katika miaka ya 1950.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, sehemu hizi zilitikiswa na ghasia za kikabila. Waliokuwa majirani jana wakawa wageni leo, nyumba zikateketezwa, na barabara zikajaa watu wenye magodoro vichwani. Nao Waogieki, ambao misitu ya Mau ndiyo makao yao ya asili, walipewa ilani ya kuondoka msituni mwaka 2009. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Mahakama iliamua kwa upande wao tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hukumu ipo katika karatasi. Ardhi ni jambo jingine.

Baada ya yote hayo, ni ajabu gani mtoto wa Olenguruone akiona miguu chini ya shamba? Ile pembe nne ya juu naisoma kuwa ni kiunga kilichozungushiwa ua, chenye mipaka minne na vigingi vyake. Ile mistari miwili ya chini ni miguu ya watu waliolazimika kuubeba urithi wao njiani. Katika ghasia za mwanzo wa 2008 nyanya yangu alitoka nyumbani akiwa amebeba debe la mbegu za viazi. Hakubeba nguo wala vyombo. Tulipomuuliza sababu, alisema kwamba nguo hushonwa popote. Shamba lake lilikuwa na miguu, na miguu hiyo ilikuwa yake.

Huenda msomaji ameanza kujiuliza mimi ni wa kabila gani. Naomba ajiulize pia kwa nini anataka kujua. Ikiwa jibu lingebadilisha huruma yake kwa nyanya yangu, basi yeye mwenyewe ameanza kusoma ishara vibaya.

Tunayo Gicandi

Wapo watakaosema kwamba kuhangaika na alama za Ulaya ni kutupa mbachao kwa msala upitao. Nakubaliana nao nusu. Odali imenifunza kuangalia nyumbani, na nilipoangalia nilikuta kwamba sisi pia tuna desturi ya kusoma alama, tena iliyokomaa.

Wagikuyu walikuwa na gicandi. Ni kibuyu chenye mbegu ndani, kinachotikiswa ili kutoa mlio, nacho nje kimechorwa alama nyingi na wakati mwingine kupambwa kwa kauri. Manju wa gicandi alitembea nacho sokoni na penye hadhara, akiimba mafumbo yaliyohusiana na alama zile. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha mkusanyo wa vitendawili na gicandi mwaka 1973. Profesa Kimani Njogu, ambaye sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu vyema kwa kazi zake nyingine, ameitafiti gicandi kama ushairi wa majibizano. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alimfanya manju wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya 1980, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani.

Tusikubali kudanganywa na pande mbili zinazovutana hapa. Upande mmoja hudai kwamba Mwafrika hakuwa na alama yoyote ya kuhifadhi fikra hadi alipoletewa kalamu. Upande wa pili, kwa shauku ya kujibu tusi hilo, hudai kwamba gicandi ni maandishi kamili kama haya unayoyasoma. Pande zote mbili zinakosea. Alama za gicandi haziandiki sauti kama herufi za runi. Zinaamsha kumbukumbu ya beti na mafumbo kwa yule aliyefunzwa. Ni mfumo wa aina nyingine, na thamani yake haitegemei kufanana na wa mtu mwingine.

Jambo ninalolipenda zaidi katika gicandi ni kwamba manju hakusoma peke yake. Alisoma mbele ya manju mwenzake na mbele ya umati. Aliyeshindwa kufumbua fumbo angeweza kunyang'anywa kibuyu chake. Maana ya alama ilikuwa mali ya mazungumzo. Ungeweza kuleta tafsiri yako, hata iwe mpya namna gani, mradi uwe tayari kusikia ikijibiwa. Hili ndilo sharti la kwanza ninaloliweka kwa kila tafsiri binafsi: isomwe mbele ya mtu anayeweza kuipinga.

Tafsiri Isiyojibiwa

Odali yenyewe inatuonyesha hatari ya kulivunja sharti hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Guido von List wa Austria aliandika kitabu kuhusu siri za runi, akatunga mfumo wake wa herufi 18 na kuzijaza maana za damu na taifa. Hazikuwa maana za kale. Zilikuwa za kwake na za wenzake wa kizazi chake. Fikra za namna hiyo zikaenea bila kizuizi, na Wanazi walipotwaa madaraka wakazipenda runi. Divisheni ya 7 ya wanajeshi wa SS, iliyopigana Yugoslavia na kuwaua raia wengi, ilivaa odali kama nembo yake. Neno lililomaanisha "hapa ndipo kwetu" likasomwa "hapa si kwenu".

Tusiwanyooshee Wajerumani kidole peke yao. Katika Kiswahili chetu kuna neno madoadoa. Ni neno zuri. Linamfaa chui, kuku wa kienyeji, hata ndama aliyezaliwa asubuhi. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa neno hilo liligeuzwa likawa jina la watu: wale ambao hawakuwa wa kabila la "wenyeji", wale waliosemekana kulichafua zulia la mahali. Likatamkwa mikutanoni na wasikilizaji wakalielewa bila kamusi. Ilibidi Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, mwaka 2022, kuliorodhesha miongoni mwa maneno ya uchochezi. Nawauliza wanachama wenzangu: neno hilo lilipokuwa likigeuzwa, sisi walinzi wa lugha hii tulikuwa wapi? Tulikuwa tukijadili kama mofimu fulani ni huru au tegemezi. Mjadala huo una faida yake, lakini sikumbuki makala hata moja ya mwanafunzi niliyoisoma wakati huo ikiuliza nani amelipora neno letu.

Hivyo sharti la pili ni hili: tafsiri ya ishara ipimwe kwa yale inayomfanyia mtu asiyekuwepo katika tafsiri hiyo. Nikisoma odali kuwa shamba lenye ua, sharti niulize ua huo umemwacha nani nje. Mgikuyu wa 1941 alisoma urithi katika ardhi iliyokuwa imesomwa na Mmaasai kuwa ni malisho, karibu na msitu uliokuwa umesomwa na Mwogieki kuwa ni mzinga wa asali. Baadaye wakaja Wakipsigis na wengine, wakausoma udongo huo kwa macho yao, na watoto wao wamezaliwa na kuzikwa hapo. Hakuna kati yao aliyekuwa mwongo. Kosa lilianza pale msomaji mmoja alipotaka kuwa msomaji wa pekee, na mara nyingi nyuma yake alisimama mwanasiasa au mtawala aliyefaidika.

Jibu la Nyanya

Kwa kuwa nimesema kwamba tafsiri isomwe mbele ya mpinzani, nililazimika kulitekeleza sharti langu mwenyewe. Likizo iliyopita nilimchorea nyanya yangu alama ile kwenye majivu kando ya meko. Nikamweleza: "Nyanya, hili ni shamba, na hii ni miguu yake."

Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mjukuu wangu, shamba halina miguu. Sisi ndio tunaokwenda na kurudi. Lenyewe lipo pale pale, linatutazama."

Nikamuuliza: basi hiyo mistari miwili ni nini? Akachukua kijiti, akairefusha kidogo kwenda chini. "Hizo ni njia," akasema. "Moja ya kuingilia, moja ya kutokea. Au moja yangu, na moja ya jirani. Shamba lisilo na njia ya jirani ni kaburi."

Kwa desturi ya gicandi, nilistahili kukabidhi kibuyu. Nimeikalia kauli hiyo kwa majuma kadhaa na bado sijapata la kuijibu. Tafsiri yangu ilikuwa ya mtu aliyefukuzwa. Iliona tu kuondoka. Ya kwake iliona kuondoka na kurudi, na ikamwona pia yule ambaye mimi nilimsahau, yaani jirani. Sharti langu la pili nilikuwa nimeliandika mimi, na yeye asiyejua semiotiki ndiye aliyelitimiza.

Sina budi basi kuirekebisha kauli yangu ya darasani. Odali, ninavyoisoma sasa, ni shamba lenye njia mbili. Msomaji kutoka Lamu akitaka abaki na samaki wake, na wa Kajiado na chapa yake. Sina ugomvi nao, mradi siku moja tuketi tujibizane. Ninachowaomba wanachama wa chama chetu ni kwamba, tunapochambua ishara katika riwaya na ushairi kwa ajili ya mtihani, tusiziache zile zinazotembea nje ya lango la chuo: nembo za vyama, rangi, mafumbo ya majukwaani, maneno mazuri yaliyotiwa sumu. Taaluma tunayofunzwa ilikusudiwa kazi hiyo pia.

Ile alama ya majivuni haikudumu. Jioni hiyo jirani yetu, ambaye mwaka 2008 hatukuwa tukisalimiana, aliingia kuomba moto, akaikanyaga bila kujua. Nyanya alicheka, akamkaribisha kigoda.